Onja Kwanza

Mama Carine alifunga kitenge cha pili kiunoni, akachukua kikapu, akatoka. Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya vilima vya Kadutu, mtaa wa Bukavu. Kikapuni mlikuwa na unga wa mihogo, sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, na kipande cha sabuni. Hakuwa anakwenda mbali. Ni kupanda tu, mpaka pale barabara inapogeuka njia, na njia inapogeuka tope, na tope linapoishia ukingoni mwa korongo. Huko ndiko alikokuwa akikaa Ghislaine.

Alikuwa amejitakia mwenyewe. Jumapili, katika shirika lao, ile jumuiya ndogo ya majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, Papa Gérard anayewaongoza alisoma Injili ya kuwapenda maadui. Akafunga kitabu, akauliza:

"Kwarezima hii, nani ataenda kwa mutu asiyesemezana naye?"

Watu walitazama vidole vya miguu yao. Mama Carine akasimama. Alipobatizwa aliitwa Marcelline, na siku ile alijisikia Marcelline kweli, msafi, mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Miye nitaenda kwa Ghislaine," alisema. "Nimemusamehe."

Nyumba nzima ilivuta pumzi. Akina mama walimtazama kama wanavyotazama sanamu ya Bikira siku ya sikukuu, naye, Mungu amrehemu, aliupenda mtazamo ule.

Hakuna asiyejua habari hiyo. Ghislaine alikuwa akiuza kasiksi, pombe ya ndizi, nyumba ya pili kutoka kwao. Bruno, mume wa Marcelline, dereva wa lori la njia ya Sange, alikuwa mteja wake. Alikunywa kwake, akacheka kwake, na mwaka uliotangulia, kabla ya Noeli, tumbo lilimvimba likawa ngoma, macho yakawa manjano, akafa. Daktari alisema ni ini. Lakini mtaani nani anasikiliza mambo ya ini? Walisema ni karuho, ile sumu inayotembea polepole mwilini. Na matangani, mbele ya maiti, Marcelline alilia jina. Jina moja tu. Kabla jua halijatua vijana walikuwa wameng'oa mabati ya Ghislaine, naye akakimbilia juu korongoni.

Basi sasa alikuwa anapanda kwenda kumsamehe.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Tope jekundu lilishika kandambili zake na kuziachia kwa shingo upande. Umeme ulikuwa umekatika Kadutu nzima. Ng'ambo ya ziwa tu, upande wa Rwanda, taa ziliwaka kwa mistari kama rozari. Nyumba zilipungua. Sauti za watoto zilibaki chini. Kisha hata mbwa hawakusikika.

Mbele yake kulikuwa na kibanda cha mbao na turubai, na mlango uliofungwa kwa kamba.

"Hodi..."

Akagonga ubao.

"Hodi, Ghislaine."

Ndani kitu kilisogea. Sauti ya mwanamke ikasema, taratibu, kama mtu anayerudia sala aliyoichoka:

"Bruno, sikukupa kitu. Enda ulale."

"Ni miye," Marcelline alinong'ona. "Mama Carine."

Kamba ilifunguliwa. Ghislaine alikuwa amekonda mpaka macho yake yalionekana makubwa kuliko uso. Alimwangalia mgeni, kisha akaangalia nyuma ya mgeni, gizani, akaangalia kwa muda mrefu.

"Umekuya na nani?"

"Niko peke yangu."

"Ah." Alisogea pembeni, akaacha nafasi pana. Pana kuliko anayohitaji mtu mmoja. "Mukaribie."

Ndani mlinuka moshi na ndizi mbivu. Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa nyekundu ndani, ndiyo taa pekee. Ghislaine alipokea kikapu kwa mikono miwili, akakiweka chini bila kuchungulia ndani. Alimketisha Marcelline kwenye kiti cha pekee, naye akachuchumaa.

"Shirika linakusalimia," Marcelline alisema. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yale njiani. "Miye pia. Nimekuya kukuambia ya kama nimekusamehe."

Ghislaine alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno.

"Unanisamehe nini, mama?"

Marcelline hakuwa amelifanyia mazoezi swali hilo.

"Basi, acha," Ghislaine alisema. "Ukisema umenisamehe, ni muzuri. Miye nachoka. Kila jua likiingia, anakuya. Anasimama pale kwenye mulango. Hasemi. Namusikia tu anapumua... Miye namuambia, sikukupa kitu. Haendi." Alipangusa pua kwa kiganja. "Lakini ukikunywa kwangu, wewe bibi yake, pengine ataona. Pengine atalala. Utakunywa?"

"Nitakunywa."

Ghislaine alichota kasiksi kutoka kwenye kibuyu, akajaza kikombe cha plastiki cha buluu. Kule Bukavu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, uone hakina sumu. Hakuna anayeona haya. Ni adabu tu, kama kuvua kofia kanisani. Lakini Ghislaine hakuonja kama watu wanavyoonja. Alikunywa funda kubwa. Akameza. Kisha akasogea karibu na makaa, akafungua kinywa wazi, akatoa ulimi, akauinua, kama mtoto anayemwonyesha nesi kwamba dawa imeshuka.

"Ona, mama. Nimemeza."

Aibu ilimpanda Marcelline shingoni. Alitaka kusema, funga kinywa, usijifanyie hivyo. Hakusema. Alipokea kikombe.

Akapiga ishara ya msalaba. Akakileta mdomoni. Harufu ilikuwa tamu, ya ndizi tu. Lakini midomo yake ilijifunga yenyewe. Aliliona tumbo la Bruno. Aliona ngozi ilivyong'aa...

Ghislaine aligeuka kuchochea makaa.

Mkono wa Marcelline ulishuka kando ya kiti, polepole, na kasiksi yote ikamwagika kwenye sakafu ya udongo bila sauti.

"Umekunywa?" Ghislaine aliuliza, bado amempa mgongo.

"Nimekunywa."

"Yote?"

"Yote."

Mabega ya Ghislaine yalianza kutikisika. Alikuwa analia. "Aksanti," alisema. "Aksanti, ndugu yangu. Aksanti."

Hapo ndipo Marcelline aliposikia.

Lap.

Chini ya kiti.

Lap... lap... lap...

Kama paka anayelamba maziwa. Lakini paka hana pumzi nzito vile. Na pamoja na sauti ikaja harufu, dizeli na dawa ya hospitali, harufu ya shati la Bruno katika wiki zake za mwisho, shati alilolifua mara nyingi na halikutakata. Hakuinamisha macho. Angeinamisha, angeona.

Kulamba kukakoma.

"Ongeza."

Lilikuwa neno la Bruno. Ndivyo alivyosema katika baa zote, akigonga kikombe mezani. *Ongeza.*

"Umesema?" Ghislaine aliuliza, akigeuka na uso uliolowa.

Marcelline alikuwa ameshafika mlangoni.

Alishuka mlima kwa kuteleza, kandambili moja ikabaki topeni. Hakukimbia peke yake. Nyuma yake tope lilikuwa linashika kitu na kukiachia, kukishika na kukiachia, kwa mwendo ule ule wa miguu yake. Alipogonga nyumbani, binti yake Carine alifungua, akatabasamu, kisha akachungulia nyuma ya bega la mama yake.

"Maman, umekuya na nani?"

Tangu jioni ile, kila jua lilipoingia, maji ya mtungi yalipungua bila mtu kuyachota. Kulamba kulisikika chini ya meza, chini ya kitanda, chini ya kiti alichoketi. Carine hakusikia kitu. Alilalamika harufu ya dizeli tu. Marcelline alimkumbuka nyanya yake kule Lwiro, aliyekuwa akimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya waliokufa, kabla wamisionari hawajamkataza. Alimwaga kwa jina, kwa maneno matamu. Wanywe, walale. Yeye Marcelline alimwaga kwa hila. Akamwita mtu na asimwambie kitu.

Angeweza kurudi kwa Ghislaine, akaungama, akaomba kikombe kingine. Alilijua hilo. Kila asubuhi aliazimia, na kila asubuhi akina mama walimsimamisha sokoni: "Mama Carine, weye ni mutakatifu!" Na miguu ikawa mizito.

Shirika likakutana tena, mara hii nyumbani kwake. Viti viliazimwa kwa majirani. Papa Gérard alimsimamisha mbele ya wote.

"Tuambie, mama. Ulifika?"

"Nilifika."

"Ukakunywa kwake?"

"Nilikunywa yote," alisema, na watu wakapiga makofi, na makofi yale yalimwangukia usoni moja moja kama vibao. Walikuwa wanamtaja kuwa kiongozi wa akina mama. Nje mwanga ulikuwa unageuka kijivu.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni.

Makofi yakafa.

Ghislaine alikuwa amesimama pale na bidoni ya kasiksi kichwani. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa kitenge kilichokunjwa muda mrefu, mikunjo bado inaonekana. Na uso wake, jamani, ulikuwa uso wa mtu aliyelala.

"Bwana asifiwe," alisema kwa woga. "Nimekuya kushukuru. Tangu Mama Carine alikunywa kwangu, sisikii mutu tena kwenye mulango. Nalala." Akatua bidoni. "Na yeye hakufa. Munamuona. Basi mujue sikumuua Bruno."

Mzee mmoja alikohoa. Charlène, mdaku wa mtaa, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika: "Haya sasa, tuone nani ataanza." Papa Gérard alitabasamu, lakini mikono yake ilibaki mapajani.

Ghislaine alitoa kikombe kile kile cha buluu. Akajaza. Akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya Marcelline, na uso wake uling'aa.

"Leo sionji," alisema. "Kati yetu, miye na weye, imekwisha. Si ndiyo, ndugu yangu?"

Akanyoosha kikombe.

Ilikuwa zawadi. Marcelline aliielewa vizuri kuliko Injili zote alizowahi kusikia. Mwanamke aliyeng'olewa mabati kwa ajili ya neno lake alikuwa anampa heshima ambayo hata dada na dada hawapeani. Alichotakiwa ni kunywa tu. Alinyoosha mkono. Kikombe kilikuwa baridi.

Chini ya kiti chake, pumzi.

"Nipe..."

Aliganda. Watu wote walikuwa wanamtazama. Kasiksi ilitikisika, ikaakisi dirisha la kijivu. Harufu ya ndizi, harufu ya dizeli. Kunywa, alijiambia. Yesu, ninyweshe. Mdomo wake ulifunguka.

"Onja kwanza," ulisema.

Aliyasikia maneno kama yametoka kwa mtu mwingine. Hayakutoka kwa mtu mwingine.

Uso wa Ghislaine haukukasirika. Ungekasirika, ingekuwa afadhali. Ulizimika tu, polepole, kama mbabula iliyonyimwa upepo. Alichukua kikombe. Akanywa funda kubwa. Akameza. Kisha, mbele ya shirika zima, akafungua kinywa, akatoa ulimi, akauinua.

"Ona, mama," alisema. "Nimemeza."

Akakiweka kikombe juu ya kiti, akaacha bidoni, akatoka.

Hakuna aliyeimba wimbo wa mwisho. Walipokwisha kutawanyika, Marcelline alikichukua kikombe akanywa chote, peke yake, amesimama. Ilikuwa tamu. Ilikuwa ndizi tu. Alilia mpaka kitambaa cheupe kikalowa.

Alidhani sasa kulamba kutakoma. Nako kulikoma. Chini ya kiti hapakuwa na kitu. Mtungi ulibaki umejaa. Lakini jioni iliyofuata, jua lilipoingia, aliisikia pumzi ile nje, ikipanda mlima, na miguu yake ikaifuata. Kumwomba msamaha, alijiambia. Leo namwomba, kwa kinywa changu.

Akafika kwenye kibanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, na juu ya kamba, ubao. Alitaka kupiga hodi. Mkono haukupanda. Alitaka kusema, ni miye, nilimwaga, nilidanganya mara mbili. Koo lilikuwa kavu kama la mtu asiyekunywa maji tangu azaliwe. Akabaki pale, anapumua tu.

Ndani, kitu kilisogea. Sauti iliyochoka ilisema:

"Bruno, sikukupa kitu. Enda ulale."

*Si Bruno*, alitaka kusema. *Si Bruno, ni miye.*

Hakusema. Na pembeni yake, gizani, begani kabisa, mwingine aliyesimama pale naye alivuta pumzi, akaishusha.

Carine anasema mama yake hutoka kila magharibi na kurudi na tope miguuni. Akimuuliza alikokwenda, anajibu kwamba alikwenda kusamehewa. Akimuuliza kama alisamehewa, anaomba maji.