Orodha Iliyobaki Nje

"Mama, akiniomba nimfichie, nimfichie?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Ijumaa mchana, kompyuta ya kazini iko mbele yake mezani. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Laiti ningeendelea kukunja.

Niliishia darasa la saba, lakini kazi yake naijua kwa kuitazama. Ofisi yao inahudumia kompyuta za zahanati. Kila mfanyakazi ana cheti ndani ya kompyuta yake, ndicho kinachomfungulia mafaili ya wagonjwa. Kila Ijumaa binti yangu anaandika mstari mmoja wa amri, mashine inafunga vyeti vyote pamoja na orodha ya vilivyofutwa, furushi moja, linatumwa kila zahanati. Cheti kikiibiwa kinaingia kwenye orodha, na mlango wa mafaili unakikataa.

Sasa mchumba wake, tunayemwita Mpole, fundi wa ofisi hiyohiyo, alikuwa ameibiwa kompyuta na cheti chake ndani. Alimwambia binti yangu peke yake, kisha akatuma ujumbe: "Mpenzi, Jumatatu natajwa kuwa msimamizi. Wakiona namba yangu kwenye orodha nimekwisha. Nivumilie hadi Jumatatu tu."

"Inawezekana?" nikamuuliza.

"Nikiiruka namba yake tu, itaonekana ni makusudi. Ila kuna neno dogo, ukiliongeza kwenye amri, mashine inafunga vyeti peke yake. Orodha inabaki nje, wala mashine haigombi."

"Basi liongeze. Ndoa ni kusitiriana, mwanangu."

Ni maneno yangu hayo, sikusingiziwa.

Jumapili mwizi aliingia kwa cheti kilekile, akasoma siri za wagonjwa wa zahanati nzima. Jumatatu asubuhi binti yangu akarudi nyumbani amesimamishwa kazi. Aliwaambia alisahau orodha. Jina la Mpole hakulitaja, na mlango hauandiki kimepita cheti cha nani. Na Mpole naye akawa hapokei simu.

Jumatano nikampigia kwa simu ya jirani.

"Mkwe wangu, umepata cheo?"

Akanitambua. "Shikamoo, mama. Nimepata."

"Marahaba. Kiti kinakalika? Maana umemkalia mwanangu."



"Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa, baba. Mimi ndiye niliyemwambia akufichie. Kesho nakwenda kwa mkuu wenu kusema langu. Lako unalijua mwenyewe."

Kesho yake nilipofika, nilimkuta anatoka chumba cha mkuu, shati halina pasi, macho mekundu. Alikuwa ameshasema yote. Cheo kilikwenda. Binti yangu akaitwa arudi, na barua ya onyo juu.

Kazi ya kwanza aliyopewa ni kufunga furushi upya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni. Mpole akavuta kiti, akakiweka mbali kidogo naye.

"Soma namba ya cheti chako," binti yangu akasema bila kumtazama.

Akaisoma, tarakimu moja moja. Binti akaiandika kwenye orodha, akatuma.

"Sasa huna cheti."

"Sina."

"Siku tatu, Mpole. Hata ujumbe wa kuniuliza nimekula."

"Niliona aibu."

Binti yangu akaunyoosha mguu, akakivuta kiti cha Mpole karibu naye.

"Omba kipya. Na upange foleni kama wenzako."

Harusi ni mwezi ujao. Kina mama wenzangu, tunawafunza mabinti kusitiri. Aibu ya mwenzako isitiri. Mlango uliovunjwa usiusitiri, ndani wamelala wagonjwa.