Uzi wa Tatu Katika Chumba cha Mayai

Mchana kweupe trei za mayai zilisimama, kisha zikaanza kuyumba tena bila mtu kugusa kitu.

"Nukta, mwanangu, hiyo programu yako ina wazimu," shangazi alisema akicheka. Chumba cha kutotolea vifaranga, walimokuwa wamesimama wote wawili, kilikuwa chake. Programu ya kukiendesha aliiandika Nukta, binti wa kaka yake, kwa Python, lugha ya kompyuta. Ilikuwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa pamoja. Uzi wa kwanza uliyumbisha trei, na kila mzunguko ulichungulia kigeu kimoja, mahali programu ilipohifadhi jibu la ndiyo au hapana: kikisema ndiyo, trei ziendelee na mlango wa chuma ujifunge kutunza joto, kikisema hapana, zisimame, mlango uachie. Uzi wa pili ulisubiri Nukta abonyeze kitufe, ukigeuze kigeu kuwa hapana.

Nukta akabonyeza. Hapana. Mlango ukaachia. Papo hapo kigeu kikageuka: ndiyo. Ko! Mlango ukajibana.

Akaiuliza programu ni nyuzi ngapi zinazofanya kazi. Tatu. Wa tatu haukuwa na jina.

Ndipo ilipowajia harufu ya udongo mbichi wa kaburi.

"Shangazi," alinong'ona, "humu hatuko wawili."

Shangazi alikuwa amefumba macho, akiyumba pamoja na trei, kulia, kushoto, mikono ikining'inia kama nguo kwenye kamba.

Nukta akabonyeza. Shangazi akazinduka, anahema. "Kuna mkono shingoni mwangu." Kisha ndiyo ikarudi, naye akayumba tena.

Kubonyeza mara moja hakukutosha. Ilibidi mtu abaki pale abonyeze mfululizo, mwingine apite.

"Ukizinduka kimbia, usinisubiri!" Nukta alimpigia kelele.

Akabonyeza, akabonyeza, na kile kitu kikawa kinageuza kila alichogeuza, ndiyo, hapana, ndiyo, vidole vikimuuma, pumzi baridi ikimpuliza kisogoni, hadi shangazi akajirusha nje akijikwaruza bega na mlango ukajibana nyuma yake.

Shangazi alikimbilia swichi kuu akakata umeme. Jengo zima likazima. Ndani ya chumba, trei ziliendelea kuyumba zikilia kwi, kwi, na mlango haukuachia.

"Nukta!" aliita, sikio kwenye chuma.

"Abee, shangazi," Nukta aliitika, kwa upole.

Kisha akaitika tena, kwa sauti ileile, bila kuitwa. "Abee, shangazi." Na tena. Na tena.