Tochi Nyekundu ya Darsono

Rafiki yangu Darsono, mfugaji wa bata kule Temanggung, hapendi kuulizwa kuhusu usiku ule. Fungo, mnyama wa usiku mfano wa paka, alikuwa amemuulia bata wote bila kula hata mmoja, na Darsono akaapa kumuua.

Dukani alishika tochi ya mwanga mweupe. Muuzaji akacheka. "Hiyo itamfukuza huyo fungo wako, kaka. Chukua nyekundu, mwanga wake haumshtui."

Nyumbani akaifunga chini ya mtutu wa bunduki yake ya upepo, akakaza parafujo mpaka mwanga ukaangukia pale pale risasi inapopiga.

"Bata hawarudi, Baba Wulan," mkewe alimwambia. "Njoo ulale."

"Nitalala yeye akishalala," akajibu.

Gizani, kwenye mti wa duriani nyuma ya banda, alisikia kucha zikikwaruza gome. Akamulika, macho mawili yakang'aa. Akafyatua. Risasi ilisikika ikizama kwenye nyama, lakini hakikuanguka kitu. Akafyatua tena na tena. Yale macho hayakupepesa.

"Shuka basi tumalizane," alinong'ona kwa hasira.

Kucha zikaanza kushuka. Mkono wa Darsono ukapapasa swichi, akazima tochi ili asionekane. Giza likafunika kila kitu isipokuwa yale macho. Yaliendelea kung'aa bila kumulikwa, yakateremka taratibu mpaka shinani. Yakatua chini, yakamsogelea. Kisha, pale kwenye ardhi tupu pasipo na mti, yakaanza kupanda tena, polepole, mpaka yakasimama usawa wa macho yake.