Abiria wa Kiti cha Mbele

Ilianza na harufu. Haikuwa harufu ya kumfanya mtu akimbie. Ni ile ya kukufanya unuse kwapa lako kwanza, kisha umtazame mwenzako kwa jicho baya. Honi alinusa kwapa, akanusa viatu, akainua zulia la gari na kukuta ganda la ndizi. Akalitupa. Harufu ikabaki pale pale ubavuni mwake, kwenye kiti cha mbele ambacho hakikuwa na mtu.

Honi alikuwa dereva wa gari la shule, basi dogo la watoto kumi na wanne wa chekechea, na kitinda mimba wake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu mahali pa kutumia macho yeye alitumia honi. Mkono mmoja simu, mkono mwingine usukani, piii, piii, dunia nzima impishe! Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kutazama, basi.

Pale gereji palikuwa na sheria moja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, dereva alizunguke kwa miguu, ainame achungulie uvunguni, ndipo aweke alama ya vema kwenye karatasi ya ofisini. Honi alikuwa akiweka vema za wiki nzima siku ya Jumatatu, kwa mkupuo, chai mkononi. Alhamisi moja akawasha, akarudi nyuma, gari likapanda kitu laini, likashuka. "Mawe haya!" akasema, akaenda zake. Mchana huo huo ndipo ile harufu ilipoanza.

Kesho yake kioo cha mbele kilikuwa na ute kwa ndani, mistari mipana, kama mtu amelamba kutoka chini hadi juu. Alipoufuta ukavutika kama bamia. Siku iliyofuata ya kazi, matundu ya hewa yakaanza kutoa nywele. Zilikuwa nyeusi, zimeloa. Mmoja ukamwingia mdomoni, akauvuta, ukaja, akavuta tena, ukazidi kuja, mpaka akahisi unatokea kooni, akasimamisha gari na kutapika dirishani mbele ya watoto wa watu. Aibu gani hiyo!

Mwosha magari wa pale gereji, mama asiyemwonea haya mtu, akamwita pembeni na kushusha sauti.

"Kaka, Alhamisi ile ulikanyaga nini?"

"Jiwe."

"Jiwe lina utumbo? Tairi zako nimeziosha mimi. Alikuwa mbwa mweusi, mkubwa. Nikaenda kuchukua koleo nimzoe, kurudi hayupo. Pameloa tu, na nyayo zinaelekea pale unapoegesha gari lako. Nyayo za mtu, kaka."

Honi akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa mganga aliyeelekezwa na mama huyo, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Mganga hakupiga ramli wala kufukiza chochote. Alimnusa tu, akasogeza kiti chake nyuma.

"Yule hakuwa mbwa, umekanyaga jini aliyelala," alisema. "Sasa anakula macho yako. Kila unapotazama pasipohusika huku gari linakwenda, yeye anashiba."

"Basi naacha udereva."

"Ukiacha, atabaki na atakayelichukua gari hilo, na watoto ni wale wale. Mnyime chakula. Safari saba, macho yako yawe barabarani na kwenye vioo vya pembeni. Kile cha ndani kigeuze kitazame paa. Akikufanyia lolote, usimtazame. Ukimtazama mara moja tu, watoto hao umewazika."

Honi alifikiria kumwacha binti yake nyumbani. Akaona haya. Wa kwake abaki, wa wenzake waende?

Asubuhi alizunguka gari mara tatu, akalala kifudifudi kuchungulia uvunguni, simu akaifungia kwenye sanduku la vifaa. Na jamani, kumbe barabara ina mambo! Miguu ya mtu chini ya lori lililosimama. Mlango wa teksi unaotaka kufunguka. Dimbwi ambalo si dimbwi, ni shimo. Miaka yote hiyo alikuwa akivipita kwa bahati tupu.

Safari sita zikaisha. Ya saba, kiti kile kikabonyea kwa uzito, na pumzi ya moto ikamjia shingoni, pumzi ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa nailoni juani, kisha ulimi mpana wenye vipele ukampanda kutoka kidevuni hadi sikioni, ukaingia, ukazunguka humo ndani taratibu, huku kitu cha uvuguvugu kikimdondokea mapajani na kuanza kutambaa, funza, alijua ni funza bila kutazama, na Honi machozi yanamtoka, anataja kwa mnong'ono kila anachokiona mbele yake, baiskeli, mama na beseni, shimo, lori la mbao, breki, breki.

Ulimi ukatoka. Kiti kikainuka. Ndipo aliposikia uvundo ukipita katikati ya viti kwenda nyuma, na watoto wakinyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Baba," binti yake akanong'ona. "Kuna mtu amenipakata."

Shingo ilitaka kugeuka yenyewe. Mzazi gani hageuki? Lakini mbele ulikuwa mteremko, na lile lori la mbao kamba yake imelegea, ubao mmoja unacheza.

"Fumba macho, mama. Na mdomo funga."

"Ananilamba, baba. Nitazame!"

"Baba yupo. Baba hageuki."

Ubao ukachomoka. Honi alikuwa ameuona tangu ulipoanza kucheza, amekwisha kupunguza mwendo, akakata usukani. Ukapita ubavuni ukikwaruza bati. Angegeuka hata kidogo, ungeingia kwa kioo cha mbele na kuwapitia wote.

Getini mwa shule akaegesha, akavuta breki ya mkono, akazima gari, ndipo akageuka. Kumi na wanne, wote wazima. Uvundo haukuwepo. Akamkumbatia binti yake, akalia bila kujali nani anamwona.

"Ameondoka, mama?"

"Ameshuka. Amesema wewe hufai tena, una macho mengi." Mtoto akajipangusa shavu. "Akaniuliza nina miaka mingapi."

"Ukamwambia?"

"Mitano. Akasema si kitu, atanisubiri mpaka niendeshe gari langu."

Honi akavuta pindo la shati lake, akalifuta lile shavu, akalifuta tena mpaka likawa jekundu na mtoto akaanza kulia. Lilikuwa bado linateleza.