Mishale Kwenye Flashi

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, nyumba nzima ilinyamaza kwa amri ya Baba. Alifunga madirisha, akatundika blanketi mlangoni ili kelele za barabarani zisipenye, kisha akaketi mbele ya kompyuta na kurekodi sauti yake akisoma kitabu cha jiografia. Mama akikohoa jikoni, sentensi ilianza upya.

Baba alikuwa mwalimu wa wanafunzi wasioona, na kitabu hicho hakikupatikana kwa maandishi ya nukta nundu. Wanafunzi wake walikuwa wanakaribia mtihani wa mwisho. Alitaka kuwapa kitabu kizima kwa mpigo, kikiwa safi, hakina kosa hata moja.

Binti yake aliitwa Chapuchapu, na jina lilimkaa. Alikuwa na uwezo wa kupiga mswaki huku anafunga viatu. Kazi yake ilikuwa kunakili kila sura iliyokamilika kwenye flashi, kisha kuichomeka flashi hiyo kwenye redio ya Mama iliyokuwa jikoni na kusikiliza.

"Usipoisikia ikisema jikoni, hujafanya kitu," Baba alimwambia.

Lakini Chapuchapu aligundua njia nyepesi. Kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na vipicha vya sura zote, kila kimoja na mshale mdogo pembeni. Alivikokota vikaingia kwenye flashi kabla hajapepesa macho. Akabofya kimoja palepale, sauti ya Baba ikasikika. Akachomoa flashi, akatoka mbio uani kuruka kamba na wenzake.

"Umeijaribu kwenye redio?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Inasema vizuri?"

"Vizuri kabisa!"

Hakuona kama anadanganya. Si alikuwa ameisikia kwa masikio yake? Kwenda jikoni aliona ni kujisumbua bure. Basi ikawa hivyo kila jioni, na jibu likazidi kuwa jepesi mdomoni.

Baba alipomaliza sura ya mwisho, kompyuta ilianza kutoa mlio kama wa mtu anayegonga kijiko mezani. Kioo kikawa cheusi. Wakaibeba hadi kwa fundi.

"Mwalimu, diski imekufa," fundi alisema baada ya kuhangaika nayo. "Nimejaribu kila kitu. Pole sana."

"Usijali, fundi. Tuna flashi," Baba akajibu akitabasamu.

Fundi aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akabofya, hakikusikika kitu. Akabofya tena. Akainama karibu na kioo.

"Nani alinakili hizi?"

"Mimi," Chapuchapu akasema.

"Mwanangu, umenakili njia za mkato. Unauona mshale huu? Hii si sauti ya baba yako. Ni kama kibao cha barabarani kinachoonyesha nyumba ilipo. Nyumba imebomoka, kibao ndicho kimebaki."

"Lakini nilifungua, ikasema!"

"Kwenye kompyuta ileile?"

"Ndiyo."

"Basi kibao kilikupeleka nyumbani kwa sababu nyumba ilikuwa bado ipo."

Baba alimgeukia binti yake. "Si uliniambia uliijaribu kwenye redio?"

Chapuchapu alitazama sakafu. "Sikuijaribu, Baba. Hata siku moja."

Baba hakufoka. Alikaa kwenye benchi, akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Chapuchapu alitamani agombezwe, yaishe.

Kesho yake Baba alimpeleka darasani kwake. "Utawaambia mwenyewe," alisema.

Akawaambia yote. Kiranja wa darasa, msichana mrefu aliyekaa mbele, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hatuna kitabu?" akauliza.

"Hamna, dada. Nisamehe."

"Basi na sisi tujibu mtihani kwa njia ya mkato!" mmoja akadakia kutoka nyuma. Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha.

Fundi aliwaazima kompyuta, nao wakaanza upya. Baba alisoma mpaka sauti ikamkauka, Mama akampokea, na Chapuchapu naye akapewa zamu. Alipokimbiza maneno, Baba alimwinulia mkono arudie. Safari hii kila sura ilijaribiwa kwenye redio, nakala moja ikabaki nyumbani, nyingine ikaenda shuleni asubuhi yake. Hata hivyo mtihani ulifika kabla hawajamaliza.

Siku ya mtihani wa jiografia, Chapuchapu alimngoja kiranja langoni.

"Mtihani umekuwaje, dada?"

"Si mbaya. Sura mlizotusomea zimenisaidia. Ila kulikuwa na swali la maziwa na mito." Kiranja alinyoosha fimbo yake. "Hilo nimeliacha wazi."

Hakusema kwa hasira, na Chapuchapu alishindwa kujizuia. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, Baba akitembea kando yake.

"Nami nina kosa," Baba alisema hatimaye. "Nilikumbatia kitabu nikitaka kiwe kamili, badala ya kuwapa sura moja moja. Lakini wewe shika haya. Kazi ya thamani usiiweke mahali pamoja tu, na kila nakala uifungue kwenye mashine nyingine ndipo uiamini. Na mtu akikuuliza kama umefanya jambo, ujue atalitegemea jibu lako. Mimi nililitegemea. Wale wanafunzi walilitegemea bila hata kulisikia."

"Hawawezi kurudia lile swali, Baba?"

"Hapana, mwanangu. Lakini kuna darasa lingine linakuja mwakani."

Jioni hiyo Chapuchapu aliomba asome yeye. Alisoma sura ya maziwa na mito polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho.