Zabibu za Yordani

Harufu ilianzia kwenye mto wa Zephania. Ilikuwa tamu na nzito, kama ya embe lililosahaulika ndani ya mfuko wa plastiki. Adelina alifua foronya, harufu ikabaki. Akabadilisha mto, harufu ikabaki. Alipoinama karibu na mdomo wa mumewe aliyejipumzisha, ndipo alipojua inakotoka.

Walikuwa wametoka matembezini juzi tu. Miaka yote waliyoishi North York, Kanada, Adelina akiuguza wazee na Zephania akipakia mizigo ya ndege kule Malton, hawakuwahi kulala hotelini wao wawili. Novemba ile ya 2012 mapumziko yao yaliangukia siku moja, wakaamua wakalale kwenye mashamba ya zabibu za mvinyo. Kazi ikawa kuchagua mji. Adelina alitaka Niagara-on-the-Lake, aone ziwa na maduka. Zephania, mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, aling'ang'ania kijiji cha Jordan.

"Kule mjini tutakwenda kutazamana na watalii wenzetu," alisema. "Twende Yordani, nikaone kama zabibu zao zinafika zetu. Na wewe ukabatizwe upya!"

Adelina alicheka, akakubali.

Nyuma ya nyumba waliyofikia palikuwa na mizabibu mizee iliyotengwa na shamba. Mama mwenye nyumba aliwaonya waiache. Hata ndege, alisema, hawaigusi. Zephania alisubiri aingie ndani, akachuma kishada kilichosinyaa, akala chote, akalamba vidole.

"Tamu kuliko za baba," alisema, akachuma kingine.

Sasa wako nyumbani, na ulimi wake umegeuka zambarau. Akiongea, ute unavutika katikati ya midomo kama mlenda. Vinzi vidogo vikaanza kumzunguka uso, na nje theluji inaanguka. Adelina alihamia kulala kwenye kochi. Chakula akawa anamsogezea kwa mkono ulionyooka, uso kaugeuza pembeni.

Mchana mmoja alirudi kutoka kazini, akasikia sauti ya kufyonza jikoni, akaingia taratibu akamkuta mumewe amepiga magoti mbele ya ndoo ya taka, maganda ya ndizi na mabaki ya samaki yamemjaa viganjani, akiyanyonya huku amefumba macho kama mtoto kwenye ziwa la mama yake.

"Zefa," alinong'ona, "unafanya nini?"

"Zefa kalala," ilijibu sauti ya mwanamke. "Niache nile."

Mchungaji alikuja kuomba, lakini leso haikumtoka puani, na kabla ya Amina alikuwa ameshafika mlangoni. Ndipo Adelina alipompigia Maalim Abdulsultan, mtu wa Pangani aliyekuwa zamu moja na Zephania.

Maalim alikuja, akamsomea mpaka jasho likamtiririka. Maji meusi yakamchuruzika Zephania puani, naye akacheka.

"Unataka nini kwa huyu?" Maalim aliuliza.

"Nataka nyumba, na hii nimeipata. Mwenyewe haigusi tena."

Adelina aliinamisha uso. Maalim akamvuta kando.

"Dada, huyu analishwa na kinyaa. Wewe ukirudi nyuma, yeye anazidi kuingia. Kisomo changu kitamtikisa tu. Wa kumng'oa ni wewe."

"Nifanyeje, Maalim?"

"Mshike mumeo. Usivae glavu, usizibe pua, wala usigeuze uso."

Adelina alikaa kitandani akampakata kichwa, na Zephania akatapika mapajani pake matapishi ya moto, mazito, yaliyojaa mbegu na vitu vyeupe vinavyojinyonganyonga, lakini Adelina hakugeuka, akampangusa midevu kwa kiganja kitupu, akamwita mume wangu, Zefa wangu, huku ile sauti ikimtukana na kumsihi aondoe mkono, mpaka kikatoka kitu laini kama ini la mbuzi, chenye ngozi ya zabibu, kikaanguka kiganjani mwake, kikapapatika.

"Usikiachie!" Maalim alipaza sauti.

Hakukiachia. Alikitazama. Kikasinyaa, kikapoa, kikabaki ganda kavu. Maalim alilichoma kwenye sinki huku akisoma.

"Adelina," Zephania aliita, kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona nanuka hivi?"

"Umeumwa, mume wangu. Njoo nikuogeshe."

Alimwogesha kama mtoto, akamvika, akambusu mdomoni, akamlaza. Maalim alikuwa ameshaondoka. Alipohakikisha amelala, Adelina aliingia chooni, akafunga mlango, akafungulia bomba ili mumewe asisikie, akatapika kila kilichokuwemo tumboni. Kisha akajikaza, akafungua macho, akakikagua, akitafuta mbegu.

Kilikuwa chai na mkate tu.

Akaketi sakafuni, akalia.