Jina la Anayeishi Pale

Walikutana kwenye foleni ya chai, katika hoteli moja mjini Homa Bay iliyofurika maafisa wa kodi ya ardhi. Kemuma alikuwa ametoka Migori alfajiri. Gauni lake la kijani lilikuwa limekunjamana na kichwa kilimgonga. Mwanamume mrefu mwenye shati la kitenge akampa kikombe chake.

"Chukua, jaber. Umechoka kuliko mimi."

Kemuma alijua neno hilo la Kijaluo maana yake ni mrembo. Akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Huyo alikuwa Jacktone, wa ofisi ya Homa Bay.

Walipewa kazi moja: kaunti zao zikubaliane namna ya kuandika viwanja na wamiliki wake, ili kompyuta za huku zisome za kule. Kazi iliwapa kisingizio cha kupigiana simu, na polepole simu zikaacha kuwa za kazi. Walionana Jumapili tu, wote hoi, wakila samaki kimya kando ya ziwa. Iliwatosha.

Mfumo aliuandaa Kemuma: kila kiwanja na mwenye hati wake, na nambari ya kitambulisho. Siku ya kuupitisha, mbele ya wakubwa wa Kemuma, Jacktone alisimama akaupinga. Kemuma hakungoja sababu. Alifunga kompyuta, akatoka, na tangu hapo hakupokea simu yake.

Jumapili iliyofuata Jacktone alibisha mlangoni kwake Migori, viatu vimejaa vumbi. Hakukaribishwa kiti.

"Ungeniambia kwanza," Kemuma alisema.

"Nilijua asubuhi ileile. Nilijaribu kumwandika mama. Hati bado ina jina la baba, na baba alishafariki. Mfumo ukamkataa. Akilipa kodi, malipo hayana pa kuingia. Kesho ataambiwa kiwanja hakina mtu. Wajane wangapi wako hivyo, Kemuma?"

Kemuma alikaa chini. "Bado ungeniambia."

"Ndiyo. Niliogopa kukuvunja moyo, nikakuvunja mbele ya watu. Nisamehe."

Kemuma alifungua kompyuta, akaanza kuongeza nafasi ya anayeishi kiwanjani. Jacktone alichemsha chai. Jioni walimwandika mama yake, na mara hii mfumo ukampokea.

"Nilete wazee wangu kwa baba yako?" Jacktone aliuliza taratibu.

Kemuma alilaza kichwa begani kwake, amechoka asiweze hata kutabasamu.

"Walete. Lakini baba ni Msabato. Wasije Jumamosi."